Msimu Ambao Hakuna Aliyenitukana

7 Juni
Tumefika kisiwani Nukusere kabla ya adhuhuri, wote tumelowa. Wote, mwaka huu, ni watu watatu: mimi, Makelesi ambaye ni rafiki yangu tangu shule ya bweni, na mumewe Kaliova, afisa forodha mstaafu anayeogopa maji kuliko anavyomwogopa mkewe. Kila mwaka msimu wa samaki taa, wale wapana wenye mabawa, tunatoka Suva kuja kuogelea nao, na kila mwaka tulikuwa wanne. Kile kiti cha nyuma karibu na injini, kilichokuwa cha mume wangu Vilikesa kabla hajafariki Februari, kiliwekewa kapu la muhogo. Hakuna aliyeliondoa akakaa.

Asaeli alitupokea ufukweni. Ni mdogo wake Vilikesa, na boti ni yake; hutuma kijana kutuchukua. Kwetu, mke wa kaka na mdogo wa mume ni watani. Kutukanana ni haki yao, na anayekaa kimya huulizwa ana kinyongo gani. Mwaka jana, boti ikiwa bado mbali, nilimsikia akiutangazia ufuko mzima: "Redio imefika! Zibeni masikio! Ficheni watoto, wasijifunze maneno!" Nami nilimjibu jambo kuhusu tumbo lake ambalo sitaliandika hapa. Vilikesa alikuwa mwamuzi wetu. Tukimaliza, alikunja viganja kama kikombe akapiga kofi moja zito, kama mtu anayepokea bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, huku amemgeukia aliyeshinda. Hukumu yake haikuwa na rufaa.

Leo Asaeli alishika begi langu kwa mikono miwili.

"Karibu, shemeji. Pole na safari."

Shemeji! Nimeolewa katika ukoo huu tangu sina mvi, na hili ni jina ambalo hajawahi kuniita.

8 Juni
Mvua. Muhogo na samaki. Wamenipa kipande cha kichwa bila kugombea.

10 Juni
Taa wamekuja. Maji yakijaa, mkondo hupita kwa nguvu katika mlango kati ya kisiwa chetu na kile kidogo cha jirani, ukibeba vijidudu vya bahari, na taa husimama humo wakiukabili, vinywa wazi kama milango ya kanisa, wakila bila kutafuna. Mlinzi wa hoteli ya upande wa pili hupuliza kombe la baharini akiwaona kutoka kilimani, na hapo kila mwenye boti hukimbia.

Nilikuwa wa kwanza kuruka. Chini yangu alipita mmoja mpana kama paa la jiko la nje, mgongo mweusi, tumbo jeupe lenye madoa. Alipinduka taratibu mara mbili mahali pamoja, kama mtu anayejigeuza kitandani. Nilitoa kichwa majini nikapiga kelele, "Umeona? Umeona yule?" na kwa mazoea nilikuwa nimegeukia kushoto. Kushoto kulikuwa na maji.

Kipeperushi cha hoteli kinasema hawa ni "majitu wapole wanaokungoja wewe". Hawamngoji mtu. Wanakula. Ningekuwa kazini ningeandika makala nzima juu ya hilo neno "wanaokungoja", lakini mhariri amenipa likizo ndefu. Alisema nahitaji kupumzika, kwa sauti ileile anayotumia kuwaambia watu kwamba makala yao hayatatoka. Basi sina wa kugombana naye isipokuwa daftari hili.

13 Juni
Leo nimejua kwa hakika kwamba kuna jambo.

Asubuhi Kaliova alivaa kiatu chake cha mpira, akasimama, akatazama mbele kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Kisha akasema polepole, "Kuna kitu kinatembea." Ndani ya kiatu alikuwemo nyoka wa baharini, yule wa pete nyeusi na bluu anayepanda nchi kavu kupumzika. Sumu yake ni kali, ila ni mvivu wa kuuma kuliko mtoto wa sokwe. Tena sijui hata sokwe nimemtoa wapi, hapa hakuna. Asaeli alimtoa kwa vidole viwili.

Mwaka wowote mwingine najua ambacho kingefuata. Angenizungusha naye kisiwa kizima akiimba kwamba amenipatia dada mwenye ulimi kama wangu. Leo alinitazama, akamtazama nyoka, na nikaona taya lake likifanya kazi. Neno lilikuwa mdomoni. Akalimeza. Akaenda kumweka nyoka juu ya mawe, kwa adabu, kama anayepeleka sahani kwa mgeni.

"Asaeli," nilimwita, "huna la kusema?"

"Hapana, shemeji. Angalia tu unapokanyaga."

16 Juni
Nimefanya jaribio. Wakati wa chakula cha usiku nilisema kwa sauti ya kutosha kwamba raga ni mchezo wa watu waliokosa vitabu.

Katika nchi hii! Mbele ya Kaliova, ambaye timu yetu ya wachezaji saba ilipofungwa fainali alijifungia bafuni, na Makelesi akamsukumia chai kwa dirisha!

Nilingoja. Kaliova alitafuna. Akameza. Akasema, "Kuna ukweli fulani ndani yake, Liti."

Makelesi akaniongezea mchuzi.

Nimeshindana na mawaziri. Nimeitwa mchawi kwenye mimbari mbili na kipaza sauti kimoja. Nasema hivi: hakuna tusi linalodhalilisha kama kukubaliwa. Mtu akikubali upuuzi wako, amekwisha kukuhesabu miongoni mwa wagonjwa. Wananihurumia. Mjane ameletwa baharini apunge upepo, apewe mchuzi, asikasirishwe. Huruma ni sufuria ya maji ya vuguvugu. Haiivishi kitu, na haimburudishi mtu.

17 Juni
Kasa wawili. Sikumwambia yeyote.

18 Juni
Jumapili. Kanisa. Bahari imefungwa kwa wote. Waliniwekea mto kwenye benchi.

20 Juni
Naandika haya nywele zikiwa bado na chumvi.

Kombe lilipopulizwa, Makelesi alikuwa amelala na Asaeli alikuwa na injini mapajani, anasafisha plagi. Alisema, "Subiri kidogo, shemeji, mkondo leo ni mkali." Kama angesema, "Kaa chini, Redio, usije ukawaziba samaki masikio," ningekaa. Naapa ningekaa. Lakini lile "shemeji" lilinisukuma kama mkono. Nikachukua miwani, mrija na mapezi, nikatembea hadi kwenye ncha ya mwamba nikaingia peke yangu.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Taa watano walikuwa wamejipanga mmoja nyuma ya mwenzake, na mkondo ulinipitisha juu yao bila mimi kupiga hata teke. Wa mwisho ana mkia uliokatika. Vilikesa ndiye aliyemwona kwanza, miaka mingi iliyopita, akampa jina la bosi wake. Nikacheka ndani ya mrija, nikanywa chumvi. Nikageuka nirudi kuwatazama tena.

Huwezi kurudi. Hilo analijua kila mtu hapa, nami nalijua. Unaingia mwanzo wa mkondo, unatoka mwisho wake, boti inakuokota. Anayepigana nao anachoka mahali palepale. Nilipigana nao. Nilipiga mateke hadi misuli ya paja ikafunga. Kila nilipotazama chini niliona jiwe lilelile la manjano, halafu sikuliona tena, halafu sikuona chini kabisa, bluu tu. Nilipotoa kichwa, kisiwa kilikuwa kimesogea, na boti za hoteli zilikuwa zimebeba watu wao na kuondoka. Nililala chali. Nilifikiri, bila hofu kubwa, kwamba hii ndiyo mara ya kwanza tangu Februari ambapo hakuna anayenitazama kwa macho laini.

Kisha nikasikia injini ikikohoa. Plagi zilikuwa bado hazijakauka.

Asaeli alinivuta kwa kwapa kama gunia la nazi. Nilijikunja sakafuni natapika maji. Nilikuwa nangoja. Nilijua itakuja tu. Mwanamke mzima, mwenye mvi, aliyekulia kwenye maji, amefanya ujinga ambao hata watalii hawafanyi: kama hastahili tusi sasa, atalistahili lini?

Alinifunika taulo. "Pole, shemeji," akasema.

Nikalitupa lile taulo baharini.

"Nitukane!"

"Shemeji..."

"Nitukane, Asaeli! Niite mjinga! Niite kasa kipofu! Karibu nife na wewe unanipa pole kama karani wa posta! Mmenifanyia nini nyote? Mimi ni yai?"

Alizima injini. Tukabaki tunaelea. Hakunitazama. Alikuwa anatazama taulo likizama.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Mtu akiwa ndani ya nguo nyeusi hatumtanii. Unajua. Akivuliwa, tunamtania siku ileile, tena bila huruma, ili ajue amerudi. Wewe hukuvaa. Siku ya tatu ulikwenda kazini na gauni jekundu. Usiku wa mia, wa kumaliza msiba, ukafika, tukakaa hapa na mikeka imetandikwa, tunakungoja. Badala yako likaja gazeti."

Ni kweli. Niliandika makala kwamba misiba yetu imekuwa karamu za kuwafilisi walio hai, na sifuti hata nukta. Gauni jekundu nilivaa kwa sababu Vilikesa alilipenda.

"Kwa hiyo mnaniadhibu," nikasema.

"Nani anamwadhibu nani?" Sasa sauti yake ilipanda, na nilifurahi kama mtu aliyeona moshi wa jiko la kwao. "Mtu ambaye hakuingia msibani tutamtoaje? Tukuvue nini? Nina matusi ya tangu Februari yamenikaa hapa kifuani, nimevimbiwa! Yule nyoka nilimtungia wimbo, Liti! Wimbo mzima! Nikaenda kuuimba kwenye mawe peke yangu." Akafuta uso kwa mkono wenye grisi. "Na alikuwa kaka yangu. Nilitaka aliliwe na mtu aliyemjua kuliko mimi. Basi. Nilitaka kumwona mtu mmoja tu aliyepotelewa zaidi yangu, nikae karibu naye. Wewe ukaja na mapezi."

Naandika hapa kama ushahidi: mimi, Litiana, nilichukua kopo nikaanza kuchota maji ya sakafuni.

Nilidhani wananihurumia. Kumbe walikuwa wamesimama mlangoni wakinisubiri nitoke nje, na mimi sikuwemo ndani.

21 Juni
Nilimwambia Makelesi kwamba nitavaa. Nilikuwa nimejiandaa kutetea hoja: kwamba kuvaa si kukubali karamu, kwamba mila ni jambo moja na ubadhirifu ni jingine, na kadhalika. Hakusikiliza. Aliingia chumbani akatoka na gauni jeusi, limeshonwa kwa kipimo changu, mikono mirefu kidogo kama nipendavyo.

"Limekuwa kwenye begi langu tangu Suva," akasema. "Na mwaka ujao ningelileta tena, wewe mbishi."

Wewe mbishi. Nilikaribia kumbusu.

Ilibaki shangazi Nanise, dada wa baba mzazi wa Vilikesa, ambaye bila yeye hakuna linalofungwa wala kufunguliwa katika ukoo huu. Nilimkuta anakuna nazi. Hakuacha kukuna.

"Umechelewa."

"Najua, shangazi."

"Gazeti lako tulifungia samaki."

"Ndiyo matumizi yake ya kawaida, shangazi."

Alinitazama kwa jicho moja. "Hukuuheshimu muda wetu. Basi utauheshimu muda wa samaki. Utavaa hadi taa waondoke. Na kila mfiwa huacha kitu anachokipenda. Utaacha nini?"

Nilisema nitaacha yaqona. Nazi ikaendelea kukunwa. Nilisema nitaacha kuandika. Akacheka puani, kwamba hilo litakuwa pumziko kwa wengine. Kisha akaelekeza kifuu baharini.

"Shangazi, nimekuja hapa kwa ajili ya hiyo."

"Ndiyo maana."

Taa huondoka Oktoba. Wakati mwingine huchelewa.

26 Juni
Makelesi na Kaliova wameondoka. Likizo yao imekwisha. Kaliova alinishika mkono akasema, "Kuhusu raga. Ukishavuliwa, nitakuwa na maneno na wewe." Nimemwandikia mhariri kwamba sirudi hadi Oktoba. Nimekaa kwenye jiwe hadi boti ilipokuwa kitone. Gauni jeusi linavuta jua lote la kisiwa.

3 Julai
Kombe limepulizwa mara mbili leo. Nilikuwa nachambua majani ya mjimbi. Niliendelea kuchambua.

9 Julai
Usiku wa mbalamwezi popo wakubwa wanagombania matunda juu ya paa. Nawasikiliza kwa wivu. Wanagombana vizuri.

15 Julai
Nimegundua kwamba baharini nilikuwa sikai. Nilikuwa nakwenda. Tangu Februari nimekwenda: ofisini, redioni, mahakamani mara moja, na hatimaye majini na mapezi miguuni. Mtu aliyekatazwa maji anabaki na ufuko, na ufukoni hakuna la kufanya ila kukumbuka. Leo nilimkumbuka Vilikesa alivyokuwa akipumua usingizini, puani, kama anayetaka kusema jambo akaghairi. Nililia mchana kweupe. Mwanamke mmoja alipita na kapu la chaza, akaliweka chini, akakaa mgongo wake ukigusa wangu, akalia pia. Simjui. Kisha akachukua kapu akaenda zake.

Sitafuti hoja ndani ya hilo.

2 Agosti
Upepo. Hakuna boti.

11 Agosti
Asaeli anakuja kila jioni baada ya kufunga boti. Anakaa mbali kidogo, kama inavyotakiwa, ananipa habari za mlangoni bila utani, kama mtangazaji: leo sita, leo wawili, leo yule mwenye mkia uliokatika. Mgeni mmoja kutoka ng'ambo amejaribu kumshika taa akapigwa kofi la pezi hadi miwani ikatoka. Aliposema hivyo tulitazamana, midomo ikitetemeka. Kisha akasema, "Usiku mwema, shemeji," akakimbia. Nilimsikia akicheka nyuma ya ghala.

Nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokonda. Siku zote nilimdhani mtu mnene. Nadhani nilikuwa natukana tumbo lake kwa mazoea, bila kulitazama.

30 Agosti
Shangazi Nanise ameniletea tui na samaki mbichi wa ndimu. Alikaa kidogo. Akaniuliza kama ni kweli Vilikesa alikuwa akipika. Nikasema ni kweli, na vibaya. Akasema, "Baba yake pia," na tukala hadi bakuli likaisha.

14 Septemba
Leo mmoja tu, anasema Asaeli.

21 Septemba
Mmoja. Yule wa mkia. Niliposikia nilisimama nikatembea hadi kwenye mwamba, maji yakinigusa vidole. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Ningeweza. Nilirudi.

29 Septemba
Siku zote hizi hakuna. Kombe liko kimya. Nilitamani waondoke ili nivuliwe, na sasa wameondoka natamani wangebaki. Vilikesa angesema nabishana hata na kalenda.

5 Oktoba
Makelesi na Kaliova wamefika jana kwa ajili ya leo. Karamu haikuwa kubwa. Niliomba nguruwe mmoja tu na nikapata mmoja, na shangazi Nanise alitangaza mbele ya wote kwamba ni mmoja kwa sababu mke wetu ana msimamo. Watu wakacheka chini chini, bado kwa tahadhari. Jino la nyangumi, zawadi ya heshima, likatolewa, maneno yakasemwa. Shangazi akanivua lile gauni jeusi ndani ya mduara wa wanawake, akanimwagia mafuta ya nazi utosini hadi yakaingia masikioni, akanifunga kitambaa cha maua mekundu. Mekundu.

Nilitoka nje. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga. Nikapita katikati yao nikaenda moja kwa moja hadi majini, na kitambaa changu na mafuta yangu. Asaeli alikuwa na boti tayari. Makelesi alipanda. Kaliova naye alipanda, kiti cha nyuma karibu na injini, ameshika kingo kwa mikono yote miwili.

Mlangoni niliruka. Nilielea juu ya mkondo, mara hii bila kupigana nao. Jiwe la manjano likapita. Samaki wadogo, nyasi, mchanga. Hakuna taa hata mmoja. Nilishuka na mkondo hadi mwisho wake, nikatoa kichwa, na boti ilikuwa pale inaningoja, Asaeli amesimama mbele, mikono kiunoni. Alivuta pumzi ndefu. Nilimwona akiivuta.

"Mnaona?" akapaza sauti ili hata kijijini wasikie. "Samaki wamekaa hapa msimu mzima kwa amani! Wamesikia Redio inavuliwa, wamehama nchi! Hata yule asiye na mkia, kakimbia kwa kuazima!"

Nilitema maji ya chumvi.

"Walihama kwa moshi wa injini yako, mifupa wewe! Samaki wamekuja kutafuta chakula, wakakuona ulivyokonda, wakajua hapa kuna njaa!"

Makelesi alipiga yowe. Kaliova alicheka hadi akaachia kingo za boti. Asaeli akajipiga paja, nami nikashika ubavu wa boti nikihema, na sote wawili, kwa pamoja, tukageuka kutazama kiti cha nyuma.

Kaliova akaacha kucheka. Akatazama mikono yake. Akaiweka mapajani.

Maji yalipiga ubavuni.

"Kofi angenipa mimi," Asaeli akasema kwa sauti ya chini.

"Mwongo. Angenipa mimi."

"Ile ya kuazima mkia? Hiyo ni ushindi hata ukiipeleka mahakamani."

"Umeitunga tangu Julai, hiyo. Vilikesa alikuwa hahesabu matusi yaliyolala. La kwangu lilitoka hapohapo."

"Hapohapo! Wewe mwanamke, umekaa na hilo gauni miezi mitatu, unataka kuniambia ulikuwa unasali?"

"Nilikuwa nakuonea huruma."

"Huyo! Mmemsikia? Huruma!"

Tulibishana mimi nikiwa majini na yeye botini, hadi mkondo ukageuka na kuanza kuturudisha, na hatukukubaliana.